Mashine ya kuoshea vyombo haipashi maji: ujitengenezee, umwite fundi, uipeleke kwa wakala au ununue nyingine?

Ubovu huu hauji kwa kishindo. Glasi zinatoka na ukungu wa mafuta, ukipitisha kidole kinaacha mstari. Sahani ya pilau ya jana ina utando ukingoni. Kidonge cha sabuni kimeyeyuka nusu, nusu nyingine imeganda kwenye kijisanduku chake mlangoni kama sukari iliyonyeshewa. Nyumbani kwetu Mbezi ilinichukua wiki mbili nzima nikiilaumu sabuni. Nikabadilisha aina, nikaongeza kipimo, nikagombana na vijana kwamba hawakwangui masalia. Kisha siku moja nikafungua mlango katikati ya kazi, nikitegemea ule mvuke unaofukiza miwani, nikagusa bati la ndani: baridi, kama sufuria iliyolala nje.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka wewe ukiepuke. Nilimwita fundi. Akainama, akasikiliza, akasema, "Hita hii, bosi, imekufa." Nikalipia hita, ikafungwa, maji yakabaki baridi vilevile. Baadaye tuliipima ile hita ya zamani ikiwa mezani, ikasoma omu 27 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, mahali padogo kuliko punje ya mchele. Hela yangu ililiwa na kubahatisha.

Ndiyo maana swali la "nitengeneze mwenyewe au niite fundi?" haliwezi kujibiwa kabla hujajua ubovu uko upande gani. Njia inayomfaa mwenye hita iliyokatika itamtia hasara mwenye bodi iliyoungua.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia nne kwa mambo matano. La kwanza ni uhakika: je, njia hii itakuonyesha ubovu ulipo, au itakuuzia spea kwa kukisia? La pili ni gharama yote, pamoja na nauli ya fundi, spea iliyokosewa na siku ya kazi uliyokaa nyumbani ukisubiri. La tatu ni muda utakaokuwa unaosha vyombo kwa mkono. La nne ni usalama, kwa sababu hapa maji na umeme wa volti 230 vinakaa chumba kimoja. La tano ni ikiharibika tena baada ya miezi mitatu: utamdai nani?

Kabla ya kuchagua, pima

Anza na mambo ya bure. Tazama programu uliyoiweka. Ile ya kusuuza tu haipashi maji, na Eko katika mashine nyingi huishia nyuzi 45 hadi 50 hivi, kwa hiyo usitegemee mvuke. Fanya majaribio kwa programu ya nyuzi 65 au 70. Kisha toa chujio chini ya kapu la chini ulioshe kwa brashi, na uchungulie vitundu vya ile mikono inayozunguka kurusha maji. Hili si suala la usafi peke yake. Mashine nyingi za sasa haziwashi hita mpaka sensa ithibitishe kwamba maji yapo na yanazunguka ya kutosha. Chujio likiziba kwa wali na miiba ya samaki, pampu inavuta hewa, na bodi inakataa kupasha ili hita isiungue. Hapo huna ubovu wowote, una uchafu.

Bado baridi? Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata bisibisi. Zima kila kitu nyumbani: friji, pampu ya kisima, feni, chaja za simu. Iache mashine ya vyombo peke yake kwenye programu ya nyuzi 65 au 70. Ipe robo saa, maana mwanzoni nyingi husuuza kwa maji baridi. Kisha kaa mbele ya mita ya LUKU utazame ile taa ndogo nyekundu inayopepesa. Usoni mwa mita kuna namba kabla ya maandishi "imp/kWh". Hiyo ndiyo idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Kama ni 1000, hita ya wati 2000 ikiwaka taa itapepesa mara 33 hivi kwa dakika. Pampu peke yake, ya wati 60 hivi, itaipepesa mara moja tu kwa dakika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi ikihesabu muda. Dakika kumi, mipepeso kumi na tatu. Hita haikuwa ikipata umeme, au ilikuwa imekatika, mojawapo.

Mwenye mita iliyo juu ya nguzo asome uniti kwenye kidude chake cha namba kabla na baada ya kuosha. Programu kali inayopasha vizuri hula kama uniti moja na zaidi. Isiyopasha haifiki hata robo.

Kuna hali ya tatu: taa inapepesa vizuri, hita inawaka, lakini maji yanaishia uvuguvugu. Hapo tazama umeme wenyewe. Nguvu ya hita hushuka haraka kuliko volti inavyoshuka: soketi ikiwa na volti 180 badala ya 230, hita ya wati 2000 inabaki na wati 1,225 hivi. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na viyoyozi, mashine inaweza kushindwa kufika joto lake ndani ya muda iliyopangiwa, ikaendelea hivyohivyo au ikatoa kosa. Ukiosha saa tano usiku maji yakawa ya moto, usinunue spea yoyote. Na kama umeichomeka kwenye ekstensheni pamoja na birika la umeme, ichomoe leo. Hita hii peke yake inavuta karibu ampea 9 kwa zaidi ya robo saa, na nimewahi kuona plagi ya ekstensheni iliyolainika kama mshumaa.

Neno kwa waliorudi na kontena kutoka Marekani. Mashine za kule hutengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, na zinategemea kuunganishwa na bomba la maji ya moto, ya nyuzi 49 hivi. Hita yake ni ndogo, kazi yake ni kuongezea. Ukiiunganisha na maji ya tenki la juu ya paa, hata kwa transfoma nzuri, itaosha kwa uvuguvugu maisha yake yote, na pampu itazunguka polepole kwa sababu hezi zetu ni 50. Hiyo haijaharibika. Imehamishwa nchi tu.

Ubovu wenyewe una makundi manne

Ukishajua kwamba kweli haipashi, kuna sehemu nne za kutafuta.

Hita yenyewe: waya wa ndani umekatika, au umeanza kuvujisha umeme kwenye ganda lake, na dalili ya hili la pili ni breka kukata dakika chache baada ya mashine kuanza. Vilinzi na sensa: kihisi joto kinachomwambia bodi maji yamefika wapi, na kikata joto cha usalama kando ya hita. Maji: pampu dhaifu, au sensa ya maji inayodhani mashine haina kitu. Na bodi, hasa rilei, ile swichi ya umeme inayowasha hita; kwa kuwa ampea zote hupita hapo, lehemu yake hupata joto na kupoa kila siku mpaka inapasuka duara, ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona pete nyembamba ya kahawia kuzunguka mguu wa rilei. Yangu ilikuwa hapo.

Mashine yenye kioo cha namba inaweza kukudokeza. Kwenye Bosch, kwa mfano, E09 ni kosa la upande wa hita. Lakini ielewe vizuri namba hiyo: inasema bodi iliagiza joto na haikulipata. Haisemi ni kwa nini.

Jambo moja zaidi, maana ndilo linaloamua bei. Mashine za zamani na nyingi za bei ya chini zina hita inayojitegemea, bomba la chuma unaloweza kulifungua peke yake. Mashine nyingi za miaka ya karibuni, zikiwemo za Bosch na Siemens, zina hita iliyofungwa ndani ya pampu ya kuzungushia maji. Hita ikifa, unanunua pampu nzima. Kabla hujapiga simu popote, soma namba ya modeli kwenye ukingo wa mlango uulize mashine yako iko kundi lipi.

Njia ya kwanza: kujitengenezea

*Uhakika.* Kwa kundi la hita na la sensa ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, ukiwa na multimita ya kawaida, ile mita ndogo ya mkononi ya kupimia umeme. Chomoa plagi, funga maji, fungua bati la chini au la ubavuni, vua nyaya mbili za hita. Kwa kuwa nguvu inajulikana, jibu linahesabika: hita ya wati 2000 kwa volti 230 inapaswa kusoma omu 26 hivi, ya wati 1800 omu 29. Chochote kati ya 20 na 35 ni uzima. Mita ikikaa kimya kabisa, waya wa ndani umekatika. Kisha gusa mguu mmoja wa hita na ganda lake la chuma: hapo mita haitakiwi kusoma kitu. Ikisoma, hita inavujisha, iondoe. Kihisi joto nacho hupimika kwa urahisi: kisomee kikiwa cha baridi, kitie kwenye kikombe cha maji ya moto, namba ishuke taratibu bila kuruka. Kisiposhuka, kimekufa.

Hayo yote yakiwa mazima, ubovu uko kwenye bodi au kwenye maji, na hapo mimi nakushauri usimame. Kipimo kinachofuata ni kuangalia kama umeme unafika kwenye hita mashine ikiwa inafanya kazi, na hicho hakifanyiki na mtu aliyejifunza jana.

*Gharama.* Ni spea tu na multimita ambayo utaitumia tena. Hita inayojitegemea ni rahisi, kihisi joto ni rahisi zaidi, pampu yenye hita hugharimu mara kadhaa ya hita ya kawaida.

*Muda.* Kupima ni jioni moja. Kupata spea ndiko kunakokula siku. Kariakoo kwa Dar, Luthuli Avenue kwa Nairobi, ukiwa na ile ya zamani mkononi, maana picha ya simu haionyeshi umbali kati ya miguu. Ukikosa, kuna msaada usiojulikana sana: sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Machi 2021 inawataka watengenezaji wa modeli zinazouzwa kule waweke pampu na hita kwa ajili ya mafundi kwa miaka 7 isiyopungua baada ya modeli kuacha kuuzwa, na vitu kama mpira wa mlango, machujio na makapu kwa miaka 10, hivi hata kwa mtu wa kawaida. Ndugu yako aliye Ujerumani au Uholanzi anaweza kukutumia kwenye sanduku la mtu anayekuja.

*Usalama.* Kuchomoa plagi ni lazima. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Bati la ndani lina kingo zinazokata kama wembe, vaa glavu. Ukiilaza mashine kwa mgongo, maji yaliyobaki yatamwagikia trei ya chini, ambako kuna boya la kugundua uvujaji. Ukiirudisha na kuiwasha, itakataa na kudai inavuja (kwenye Bosch ni E15). Usidhani umeiua. Kausha trei kwa sponji, itarudi.

*Ikirudi.* Unajidai mwenyewe. Na kama mashine ilikuwa bado na waranti, umeshaiua.

*Inamfaa* mtu mwenye mkono mtulivu, mashine iliyopitisha waranti, na ubovu ulioonekana kwa kipimo kwamba ni hita au sensa.

Njia ya pili: fundi wa mtaani

*Uhakika.* Hapa fundi na fundi hawalingani. Kuna anayepima, na kuna anayesikiliza. Nilishalipa wote wawili. Aliyeipata yangu alikuja na multimita, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa "Ulipima uniti?", na alipotoa bodi aliigeuza mgongo akaimulika kwa tochi ya simu kabla ya kugusa chochote. Dakika tano za kuchomelea upya miguu ya rilei, mashine ikapasha. Ukimwita fundi, mwombe jambo moja kabla ya bei: akuonyeshe namba kwenye mita. Fundi wa kweli hachukii ombi hilo.

*Gharama.* Kwa bodi, hii ndiyo njia ya nafuu kuliko zote nne, kwa sababu fundi wa elektroniki hubadilisha rilei au kulehemu upya badala ya kununua bodi nzima. Kwa hita, unalipa spea na kazi, na ukipata asiyepima unaweza kulipa mara mbili kama mimi. Patana mapema kwamba spea isipotatua tatizo inarudishwa. Wengi wanakubali ikiwa umesema kabla; ukisema baada, ni ugomvi.

*Muda.* Siku hiyohiyo, au "kesho asubuhi, bosi", ambayo unaijua.

*Usalama.* Hapa kuna jambo moja la kukataa kata kata. Kikata joto cha usalama kikiungua, baadhi ya mafundi hukiruka kwa kipande cha waya ili mashine ifanye kazi leo. Itafanya. Lakini siku pampu itakaposhindwa kuleta maji, hakuna kitakachoizima hita, na iko inchi chache kutoka kwenye plastiki. Akikuambia "hiki si cha muhimu, mama", mwambie aweke kingine kizima au aache kazi.

*Ikirudi.* Inategemea uhusiano wenu. Fundi aliyeletwa na jirani hurudi. Aliyepatikana kwa tangazo la ukutani wakati mwingine hana hata namba ileile.

*Inamfaa* mwenye mashine ya zamani au ya mtumba isiyo na wakala nchini, na hasa mwenye ubovu wa bodi.

Njia ya tatu: kituo cha huduma cha wakala

*Uhakika.* Mzuri kwa mashine za chapa yao. Wanaijua maana ya kila namba ya kosa na wana programu za majaribio za ndani zinazowasha hita peke yake. Udhaifu wao ni mwingine: wengi hubadilisha kitu kizima. Hawalehemu rilei, wanaleta bodi mpya. Hawatofautishi kati ya kihisi na pampu iliyokibeba.

*Gharama.* Ndani ya waranti, bure, na hapo hakuna la kulinganisha. Nje ya waranti ndiyo ghali kuliko matengenezo mengine yote. Unalipia ukaguzi kwanza, na bodi au pampu halisi inaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine mpya ndogo.

*Muda.* Spea ikiwepo nchini, siku chache. Ikiagizwa nje, hesabu kwa wiki.

*Usalama.* Hapa wanashinda. Kazi hufungwa ilivyotakiwa, na vituo vizuri hupima uvujaji kwa kifaa cha volti 500, kinachoona kasoro ambazo multimita ya kawaida haizioni.

*Ikirudi.* Una risiti na dhamana ya kazi, kwa hiyo una pa kupeleka malalamiko. Soma risiti: dhamana nyingi za kazi ni za miezi michache na ni kwa spea iliyobadilishwa tu.

*Inamfaa* mwenye waranti, mpangaji ambaye mashine ni ya mwenye nyumba, na mwenye mashine ya bei ya juu aliyo nayo kwa miaka michache.

Njia ya nne: kununua nyingine

*Uhakika.* Maji yatapata moto, hilo halina shaka. Swali ni kwa muda gani, na jibu liko kwenye bomba lako. Pwani tunajua maji ya kisima yalivyo. Mashine ina kijisanduku cha chumvi chini, na hiyo chumvi husafisha chembe za ndani (resini) zinazoondoa ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu vinavyojenga ule ukoko mweupe juu ya hita. Ukoko unapokuwa mnene, hita inajipikia ndani mpaka inakatika. Sasa, watu wengi wa Mbezi na Kigamboni huona maji yao tayari yana chumvi wakaacha kuitia. Ni makosa mawili kwa mpigo. Ladha ya chumvi kwenye maji haifanyi kazi ya kijisanduku kile, na kijisanduku kile hakiondoi ladha ya chumvi. Maji ya chumvi yenyewe hula hata bati lisiloshika kutu, kwa vitundu vidogovidogo. Kama mashine yako imekufa kwa maji, mpya itakufa kwa maji hayohayo.

*Gharama.* Ya juu kuliko zote siku ya kwanza. Kipimo cha wengi, nami nakifuata, ni kwamba matengenezo yakipita nusu ya bei ya mpya na mashine ikiwa imepita miaka minane hivi, nunua. Ya mtumba kutoka Ulaya ni nafuu, lakini mwambie muuzaji aiendeshe mbele yako kwa programu ya nyuzi 65 na ufungue mlango katikati. Akisema "tutaiunganisha ukifika nayo nyumbani", hujanunua mashine, umenunua bahati nasibu.

*Muda.* Siku moja.

*Usalama.* Mzuri, ukiipa soketi yake yenyewe yenye waya wa ardhini.

*Ikirudi.* Waranti, kwa kawaida ya mwaka mmoja au miwili. Uliza kama inagusa uharibifu wa umeme kupanda na kushuka. Mara nyingi haigusi.

*Inamfaa* mwenye mashine kongwe yenye ubovu zaidi ya mmoja, au yenye kutu chini ya sakafu yake, ambayo hakuna hita itakayoiokoa.

Na kuipa maji ya moto kutoka nje?

Wenye sola ya maji huniuliza. Inawezekana kwa mashine nyingi ambazo kitabu chake kinaruhusu maji ya hadi nyuzi 60, na mpira wa kuingizia maji huwa umeandikwa kikomo chake. Sola ya mchana mkali huvuka kikomo hicho, kwa hiyo inahitaji vali ya kuyachanganya na ya baridi. Lakini kasoro iko kwenye umbali. Mashine huchota lita 3 au 4 tu kwa mara moja, na bomba la nusu inchi lenye mita 20 kutoka juu ya paa limebeba lita 2 na nusu hadi 3 na nusu za maji yaliyolala humo yakapoa. Mashine inakunywa maji baridi yote ya bombani, inafunga, na ya moto yanabaki njiani. Ungefungulia bomba la sinki kwanza mpaka moto ufike. Na mashine yenye bodi inayojua kwamba hita haifanyi kazi itasimama na kutoa kosa hata ukiipa maji yanayochemka. Kwa mashine ya zamani isiyo na ujanja huo, ni njia ya kupitishia mwezi ukisubiri spea.

Chagua kwa hali yako

Waranti ikiwa hai, usifungue hata skrubu moja. Pima uniti, andika namba ya kosa, piga picha risiti, mpigie wakala.

Waranti imeisha, multimita inasema hita inayojitegemea imekatika: jitengenezee, au nunua spea mwenyewe ukamlipe fundi kazi ya kufunga tu.

Hita na sensa ni nzima: tafuta fundi wa elektroniki, hata yule anayetengeneza runinga. Mpe bodi mkononi aimulike. Usikubali hita mpya kutoka kwa mtu yeyote.

Hita iko ndani ya pampu, mashine ina miaka mitatu au minne: linganisha bei ya wakala na ya pampu kutoka Ulaya kupitia ndugu. Ikiwa na miaka kumi, weka hela hiyo kwenye mpya.

Breka inakata kila maji yanapoanza kupata moto: isitumike tena hata mara moja mpaka ipimwe, na usimruhusu mtu akuwekee breka kubwa zaidi ili "ivumilie".

Inapasha usiku, haipashi jioni: tatizo ni umeme. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, ya kuibeba hita ya wati 2000 iwe ya kVA 3 hivi. Vile vidude vidogo vya kulindia friji hukata umeme tu ukishuka, havipandishi volti. Kabla ya kununua, jaribu kuosha baada ya saa nne usiku kwa wiki moja. Sisi ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na mashine ni ileile, na hita yake ni ile mpya niliyolipia bure. Ile ya omu 27 nimeifunga kwenye gazeti, iko juu ya kabati, ikisubiri zamu yake.